Mgonjwa wa Daraja la Kwanza

Jumanne, 22 Oktoba

Kliniki. Sukari sita nukta moja. Sita! Nesi Hafsa alikitazama kile kimashine, akanitazama mimi, akakitazama tena. Akawaambia wote waliokuwa kwenye benchi kwamba hivi ndivyo anavyotakiwa kuwa mtu mwenye kisukari anayefuata dawa. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kidogo tu, wasije wakakosa kuniona.

Miaka yangu ya kazi yote nilikuwa mteuzi wa tumbaku Urambo. Robota la majani linafunguliwa, nashika jani, nanusa, natamka daraja. Mkulima anacheka au anatafuta pa kukaa. Najua daraja la kitu nikikiona. Leo nimejiona mwenyewe: daraja la kwanza.

Siri yangu naiandika hapa tu. Dawa nameza siku tatu za mwisho kabla ya kliniki. Siku hizo sili michembe ya viazi, sinywi chai ya sukari, nakula mlenda kama mfungwa. Siku nyingine zote dawa zinapumzika na mimi napumzika. Vile vidonge vyeupe vikubwa vinanivuruga tumbo. Mwezi wa tano vilinitoa kanisani katikati ya mageuzo ya misa, mbio, mbele ya akina mama wa WAWATA. Tangu siku hiyo tumeachana. Nimuulize nesi? Mtu aliyetamka madaraja ya tumbaku ya nusu ya Urambo anyooshe mkono, aseme anaharisha?

Habari kubwa: tarehe kumi na nne mwezi ujao ni siku ya kisukari duniani. Nesi atachagua mgonjwa mmoja awe mwalimu wa wenzake, awafundishe kumeza dawa kila siku bila kuruka. Atapewa fulana ya bluu yenye neno MWALIMU mgongoni. Ametaja majina mawili. Langu, na la Mwanamkuu.

Mwanamkuu!

Alhamisi, 24 Oktoba

Kuhusu Mwanamkuu. Ni mama anayedarizi kofia mtaa wa Gongoni. Anacheka mpaka mtaa wa pili unasikia. Hachoki kusema kwamba babu wa babu yake alikuja Tabora na misafara kutoka pwani, amepanda punda. Wa kwangu alikuwa kwenye misafara hiyohiyo, ila yeye alikuwa na jino la tembo begani. Kwa hiyo ugomvi wetu ni wa zamani, ingawa yeye haujui.

Kwenye darasa la kliniki anawaambia watu kwamba alikuwa akisahau dawa, ndipo akaziweka kando ya birika la udhu. Akishika birika, anakumbuka. Watu wanacheka, wanapiga makofi. Hiyo ni elimu? Hata kongosho hajalitaja.

Leo nimekwenda mjini kumchunguza. Nimesimama duka la mkabala nikijifanya nachagua kufuli. Haikuchukua muda. Ametoka na mfuko wa visheti! Vinang'aa sukari! Nimenunua kufuli nisilolihitaji, kwa furaha.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimepita kliniki kumweleza nesi, kwa uchungu mkubwa, habari za visheti. Nesi akasema anajua. Mwanamkuu alimpigia simu jana hiyohiyo. Vilikuwa vya wageni wa hitima ya dada yake, akala viwili, akauliza afanyeje. Nesi akasema laiti wagonjwa wote wangekuwa wakweli namna hiyo.

Kisha akaniuliza kama mimi nina lolote la kumwambia.

Nikasema sina. Nikarudi nyumbani Itetemia kwa miguu, na kufuli langu.

Jumanne, 29 Oktoba

Siku ya majaribio. Kila mmoja afundishe wenzake kidogo. Nilianza mimi.

Nilijiandaa vizuri. Nikaeleza kongosho, liko wapi, linatoa nini. Nikaeleza figo. Nikaeleza mishipa midogo ya jicho, mmoja mmoja. Nilipofika kwenye ini, mzee wa mbele alikuwa anakoroma. Nikaongeza sauti. Akageukia upande wa pili.

Kisha mama mmoja akanyoosha mkono. Akasema bila haya kwamba vile vyeupe vikubwa vinamwendesha tumbo, kwa hiyo huviacha. Afanyeje? Benchi zima likaamka. Nikamjibu kwa sauti ya mamlaka kwamba avumilie.

Mwanamkuu akadakia. Akasema hata yeye vilimkimbiza, mwezi mzima akijua kila choo cha Gongoni. Watu hoi kwa kicheko. Akasema asimeze tumbo tupu. Ale nusu ya chakula, ameze, amalizie. Kisha aende kwa nesi na aseme wazi, maana nesi anaweza kuanza na kipimo kidogo na kupanda polepole. Nesi Hafsa akatikisa kichwa kukubali, akasema zipo hata zile zinazoyeyuka taratibu.

Kumbe ndiyo hivyo tu! Miezi yote hii!

Lakini mimi nimeze kwa maelekezo yaliyotoka kwenye kinywa kile? Nife kwanza.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Makaburini tangu asubuhi, kupalilia na kuwasha mishumaa. Jilala alikuwepo, anasafisha kaburi la mama yake. Tulisoma pamoja, tukabatizwa siku moja. Sasa analima karibu na Kipalapala, na sukari tulipimwa mwaka mmoja. Ni rafiki yangu. Naona kama ndiye pekee, wengine niliwapangia daraja la chini miaka ile na hawajasahau.

Akanisalimia Mwangaluka, akakaa juu ya jembe lake. Akaniambia ana aibu. Kila kliniki sukari yake iko juu. Msimu wa kuandaa mashamba anaondoka alfajiri, dawa inabaki nyumbani. Nesi hamgombezi, ila anamtazama kwa huruma, na hiyo ni mbaya zaidi. Akaniuliza, mimi nafanyaje?

Hapo ningeweza kumwambia abebe dawa mfukoni, kwenye kitambaa, pamoja na kiporo chake cha shambani. Nimeliwaza sasa hivi, linaelekea kuwa wazo zuri. Lakini alikuwa ananitazama kama wakulima walivyonitazama zamani, kabla sijatamka.

Nikamwambia siri. Siku tatu.

Akauliza kama haina madhara. Nikamwuliza, mimi naonekana nimedhurika?

Nimerudi nyumbani nimejaa amani. Kufundisha ni wito.

Jumatatu, 11 Novemba

Viatu vipya kwa ajili ya Alhamisi. Vyeusi, vya ngozi, vya kuchongoka. Muuzaji alidai vinabana. Mimi sikusikia kubana popote. Miguu yangu siku hizi haisikii kitu, si jiwe, si baridi ya sakafu. Imekomaa.

Msiba mdogo: mke wangu Getruda amefua koti langu. Mfuko wa ndani ulikuwa na vidonge vya tangu mwezi wa nane. Vimeyeyuka, koti limetoka na mabaka meupe kama ndui. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Alilianika koti, akaja akakaa mkabala nami, mikono bado ina povu.

“Baba Benjamini,” akasema, “unataka niwe mjane wa mtu aliyefaulu?”

Nikamwambia hajui mambo ya kitaalamu. Akainuka akaenda kusonga ugali. Tangu hapo ananiambia yale ya lazima tu: maji yako bafuni, mvua inakuja, fungua mlango.

Leo nimeanza siku zangu tatu. Mlenda.

Alhamisi, 14 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Turubai, viti, muziki, watu wengi. Mgeni wa heshima alichelewa, kwa hiyo nikapata nafasi ya kumwomba nesi nijaribu ile fulana kama inanienea. Inanienea kabisa. Nikaona si vizuri kuivua na kuivaa tena, nikabaki nayo. Viatu viling'aa. Sukari ya asubuhi: tano nukta tisa! Nikaanza kupanga maneno ya shukrani.

Kisha ikashuka timu ya wageni na mashine yao. Nesi akachukua kipaza sauti. Akaeleza kwamba kipo kipimo kingine, kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu yote kwa tone moja, na hapo hesabu njema ni karibu na saba. Akasema kile cha asubuhi ni kama kumkuta mtu kanisani Jumapili. Hiki kinamjua tangu Jumatatu.

Watu wakacheka. Mimi nikakumbuka nina wajibu parokiani. Nikainuka. Mwanamkuu akanishika mkono, kwa upole kabisa, akasema twende Mzee Adriano, tuanze sisi ili wengine wasiogope.

Yeye: saba nukta nne. Vigelegele.

Mimi: kumi na tatu nukta mbili.

Nesi hakuitangaza. Lazima niseme hivyo. Alikunja kikaratasi cha majibu, akasema taratibu, “Baba, shikamoo. Baadaye tuongee, mimi na wewe tu.” Lakini yule kijana wa mashine alikwisha kutamka, na sauti yake ilikuwa kubwa kama ya mnadani. Kumi na tatu! Ikapita benchi hadi benchi. Nikadai mashine imepata joto. Nikadai arudie. Akarudia. Kumi na tatu nukta tatu.

Kisha nikavua fulana. Mbele ya watu. Nilikuwa nimesahau kwamba ndani nimevaa singlendi ya matundu.

Hata hilo lingetosha kwa siku moja. Lakini kabla sijapata shati langu, akaja mtu wa pikipiki kutoka Kipalapala, anamtafuta nesi. Jilala ameanguka na baiskeli njiani akija kwenye sherehe. Alikuwa ametota jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka, walidhani amelewa. Frateri mmoja wa seminari ya huko Kipalapala, ambaye mama yake ana kisukari, alijua. Akamnywesha soda kidogo kidogo mpaka akili ikamrudia. Lakini alipoanguka aliangukia kalavati la barabara. Paja limevunjika.

Sukari yake ilikuwa imeshuka karibu na kuisha.

Nimekaa kwenye kiti cha nyuma mpaka wakaanza kukunja turubai.

Ijumaa, 15 Novemba

Agnetha, mke wa Jilala, amekuja. Hakuingia ndani. Alisimama uani, kanga ya jana, hajalala. Getruda akamletea kigoda, hakukikalia.

“Shemeji,” akasema, “ulimfundisha nini mume wangu?”

Nikamweleza kwa utaratibu. Mimi nilisema siku tatu. Yeye, kwa maelezo yake Agnetha mwenyewe, alikuwa shambani, akakumbuka jana asubuhi. Akameza vile vidonge vidogo, vya kushusha sukari, vya siku tatu vyote kwa mkupuo, akapanda baiskeli tumbo tupu ili sukari isomeke vizuri. Hakufuata maelekezo. Mwanafunzi asipofuata maelekezo, mwalimu ana kosa gani?

Agnetha akakisogeza kile kigoda kando.

“Ulimfundisha kumdanganya nesi,” akasema. “Nesi hakuanguka. Kaanguka yeye.”

Kisha akaniuliza nani atapanda mahindi yake, mvua hii ikishika. Getruda akafunga kitenge, akachukua chupa ya uji, wakaondoka wote wawili kwenda hospitali. Hakuniuliza kama nakwenda.

Nilitaka kwenda. Nilifika mpaka kwenye uzio. Ningemwambia nini?

Nimekula michembe na karanga peke yangu, bakuli zima. Leo hakuna wa kunipima.

Jumatano, 20 Novemba

Mgeni. Mwanamkuu! Amekuja mpaka Itetemia na fulana yake ya bluu. Nilitaka kutokea mlango wa nyuma, lakini Getruda alikwisha kumkaribisha.

Nilitegemea anicheke. Hakucheka. Akasema watu wake ni wengi, hawezi peke yake. Wanaume hawamwambii shida zao, wanasema salama tu na kuondoka. Anataka mwanamume wa kukaa nao. Akasema mimi naweza kulieleza kongosho vizuri, ila nilieleze kwa ufupi. Kwanza tu niwaambie ukweli, kwamba hata mimi nilikuwa nikiziruka. Hapo watanisikiliza, akasema, maana kila mmoja anaruka na anadhani yuko peke yake.

Kisha akasema atanipigia simu kila asubuhi, neno moja tu: Umemeza? Na mimi nimpigie jioni. Yeye na dada yake walikuwa wakifanya hivyo mpaka dada alipofariki. Sasa hana wa kumpigia.

Nikainama nikafuta viatu vyangu, ingawa vilikuwa safi. Getruda alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, hapumui.

Nikamwambia nashukuru, lakini siwezi kuwa msaidizi. Kama kuna nafasi ya mwalimu mkuu, anijulishe.

Amekunywa chai yake, haina sukari, akaaga. Getruda amemsindikiza mpaka barabarani. Wamesimama huko wakiongea muda mrefu. Nadhani walikuwa wananisifu.

Jioni nimevua viatu, vile vipya, sijavaa vingine tangu sherehe. Getruda akapiga yowe. Soksi ya kulia imeloa damu. Msumari ulikuwa umetokeza ndani, umechimba chini ya kidole gumba mpaka kumeoza pembeni. Mimi sikusikia chochote! Nikamwonyesha Getruda: kidonda kama hiki, na mwenyewe sina hata maumivu. Mwili wa kizamani huo.

Amekwenda kumpigia nesi.

Jumatatu, 25 Novemba

Hospitali. Wamekata viwili, gumba na jirani yake. Daktari amesema tungechelewa kidogo zaidi ungekuwa mguu.

Getruda ameketi kando ya kitanda tangu asubuhi. Ameniletea ugali na mboga ya nsansa, akanilisha kama mtoto, ingawa mikono yangu haina tatizo. Nimeogopa leo. Daktari alipofungua bendeji nilitazama na nikaogopa sana, nikamshika Getruda kanga. Nimemwahidi, mbele ya Mungu na mbele ya nesi wa wodi, kwamba nitameza kila siku. Kila siku! Akalia. Akaniita jina langu, Adriano, halijatoka kinywani mwake tangu tuoane.

Kitanda cha mkabala ni Jilala. Mguu wake umening'inizwa kwa kamba na mawe ya kuvuta. Nikamwita, Mwangaluka. Akageuza uso ukutani, kadiri kamba ilivyomruhusu.

Agnetha alipokuja kumlisha alipita kitandani kwangu. Akaacha embe moja mezani, la kwanza la msimu. Getruda amelichukua kabla sijalimenya.

Jumapili, 1 Desemba

Nafuu kubwa. Nimeanza kutembea na gongo mpaka dirishani.

Dawa hapa ni kama jeshini. Nesi anasimama, unameza, anatazama, anaweka alama. Siku nne nimemeza kila kitu, na tumbo likaanza yale yale. Choo kiko mwisho wa korido. Mimi nina gongo na nusu ya mguu. Mtu mwenye akili afanyeje? Ningemwambia nesi, lakini huyu wa zamu ni mtoto mdogo kabisa, na wodi nzima ingesikia.

Nimegundua njia. Kidonge kinakaa kati ya shavu na fizi za juu. Maji yanapita, koo linacheza, nesi anaridhika. Akienda, kidonge kinahamia kwenye karatasi. Daraja la kwanza kabisa. Na Getruda anafurahi kuona alama zimejaa, kwa hiyo hakuna aliyeumia.

Jana ameletwa mgonjwa kitanda cha jirani. Masolwa, dereva wa lori la tumbaku, Urambo. Bado kijana, hajafika arobaini. Amepata kidonda mguuni, kumpima, sukari. Hakujua. Mke wake ana mimba. Alikuwa analia chini ya shuka, nikamfariji. Nikamweleza kongosho. Akasikiliza mpaka mwisho! Akaniita mwalimu.

Leo asubuhi naye amepewa vile vyeupe vikubwa kwa mara ya kwanza. Alivitazama kwa hofu. Kisha akanitazama mimi nilivyomeza, na baada ya nesi kupita akaona karatasi yangu. Macho makali, ya udereva. Akaninong'oneza:

“Mwalimu, hapo umefanyaje?”

Jilala amesikia. Akaanza kugonga kikombe chake cha bati kwenye chuma cha kitanda, kwa nguvu, bila kuacha, huku anaita nesi, nesi, nesi. Wivu tu huo. Mtu hataki mwenzake apate mwanafunzi.

Nikashusha sauti, nikamwambia Masolwa asogee.